Nilivyopunguza Bima ya Gari Mbele ya Mama Mkwe

Jamani, nimeaibika mchana kweupe. Tena soko la Tawa, siku ya soko, mbele ya watu wanaonijua kwa majina yangu yote matatu. Nawaambia mwenyewe kabla hamjaambiwa na wengine, maana niliona simu zikitolewa mifukoni.

Kwa wale wageni kwenye hii grupu, mimi ni Musyoka. Mwalimu wa hesabu, shule ya msingi, na mwenye ile gari nyeupe ya mkia mrefu. Gari ni nzuri. (Kwa umri wake. Msianze.)

Mambo yalianza kwa utulivu kabisa. Shule zimefungwa, asubuhi nimekaa nje na chai yangu, kuku wanazunguka miguuni. Ujumbe ukaingia kwenye simu: bima ya gari inaisha wiki ijayo, tafadhali lipa. Kila mwaka nikipata huo ujumbe mimi hulipa tu, kama mtu anayefukuza nzi. Leo nikasema hapana. Leo nitasoma. Nikaingia chumbani, nikatoa bahasha ya khaki juu ya kabati, nikapuliza vumbi, nikaanza kusoma karatasi za bima yangu kwa mara ya kwanza tangu ninunue hiyo gari.

Wee! Ukurasa wa kwanza tu, nikakuta gari yangu imeandikwa ni ya biashara.

Biashara gani? Nikafikiria mpaka chai ikapoa. Ndipo nikakumbuka. Wakati naichukua nilikuwa na kibanda cha vitunguu, na nilimwambia ajenti nitakuwa nabebea vitunguu vyangu. Kibanda chenyewe hakikumaliza mwaka. (Vitunguu vilioza, na mimi nikarudi kwa chaki.) Lakini bima iliendelea kuamini mimi ni mfanyabiashara! Na bima ya gari ya biashara ni ghali kuliko ya gari ya mtu wa nyumbani. Miaka yote hiyo. Mwalimu wa hesabu.

"Mutheu!" nikamwita mke wangu. "Tumekuwa tukiibiwa!"

Akatoka jikoni na mwiko mkononi. "Na nani?"

"Na mimi."

Nikamweleza. Akasikiliza vizuri, halafu akauliza swali ambalo, kama ningelisikiliza vizuri na mimi, saa hii singekuwa naandika haya.

"Lakini hiyo gari si hubeba watu siku ya soko?"

"Hiyo si biashara, Mutheu. Hiyo ni kusaidia."

"Na si hulipa?"

"Huchangia mafuta."

Akaniangalia vile huangalia mtoto anayesema ameoga na magoti ni udongo mtupu. Akarudi jikoni.

Sasa hapa lazima niwe mkweli kwenu. Kila siku ya soko mimi hupitia njia panda ya kanisa, na hapo huwa kuna akina mama wananingoja na mizigo yao. Mbaazi, pojo, kuku, ndoo za maembe wakati wa maembe. Mara moja moja mbuzi. Nawapeleka Tawa, jioni nawarudisha. Wanaposhuka wananipa kitu. Sijawahi kuita hicho kitu nauli. Mimi hukiita shukrani. (Ila shukrani ina kiwango, na mtu akipunguza namkumbusha.)

Basi nikampigia ajenti wangu. Anaitwa Kavata, ana ofisi ndogo Sultan Hamud, karibu na barabara kubwa. Ni mama mpole sana. Hata ukimkasirikia anakungoja umalize.

"Madam Kavata, nataka uniondoe kwa biashara uniweke kwa gari ya nyumbani."

"Sawa, mwalimu. Kwani siku hizi haibebi mizigo?"

"Haibebi."

"Na watu wa kulipa?"

Hapo nikacheka kidogo. Kicheko cha mtu asiye na hatia. "Madam, mimi ni mwalimu. Mimi ni shemasi wa kanisa. Gari yangu ni ya shule, kanisa na nyumbani."

(Na soko. Lakini hakuniuliza soko.)

"Uko na bahati," akasema. "Leo nakuja Tawa na mkaguzi wetu, kuna lori anaangalia huko. Saa nane uilete karibu na mashine ya posho, aipige picha, aandike ripoti, nikubadilishie."

Nikakata simu nikiwa na furaha. Halafu nikaenda kuangalia gari kwa macho ya mkaguzi. Furaha ikaisha.

Ndani ya buti kulikuwa na kamba mbili, manyoya ya kuku, maharagwe yaliyomwagika na mengine yalikuwa yameanza kumea. Chini ya kiti cha nyuma nikatoa mavi ya mbuzi, makavu, ya kutosha kuweka mbolea kwa mche mmoja wa parachichi. Nikatoa kitambaa cha mtu cha kichwa. Nikatoa kiatu kimoja cha mtoto ambaye simjui. Nikajiuliza, huyu mtoto alishuka vipi?

Kwa saa mbili nilikuwa na ndoo, sabuni na brashi. Nikafungua ile kariya ya mizigo juu ya gari, nikaificha nyuma ya choo. Nikatandika vitambaa vya mke wangu vya kochi, vile vya kushonwa kwa uzi, juu ya viti vyote na ndani ya buti. Nikaweka Biblia mbele ya usukani na vitabu vya watoto kwa kiti cha nyuma, kimoja kikiwa kimefunguliwa, kana kwamba mtoto alikuwa anasoma tu sasa hivi akashuka. Mwisho nikachukua manukato ya Mutheu, yale ya harusi za watu, nikapuliza mara nane.

Mutheu akatokea mlangoni. "Unaosha gari ama unaficha mtu?"

Nikazima simu pia, maana wale mama wa njia panda walikuwa wamepiga mara tano kuuliza nimefika wapi. Nikasema leo watajua. Kuna pikipiki.

Saa nane kamili nimeegesha karibu na mashine ya posho. Shati nyeupe, viatu vimepigwa rangi. Kavata akafika na mkaguzi, kijana mrefu mwenye kofia nyeupe ya Kiislamu, jina lake Abdi. Nikamsalimia kwa Kiswahili cha ofisi. Akanijibu kwa Kikamba safi kuliko changu. Akacheka akasema yeye ni wa Nuu, amezaliwa huko, babake alikuwa mfanyabiashara wa mifugo huko.

Hapo ndipo ningeshtuka. Sikushtuka.

Bwana Abdi si mtu wa maneno mengi. Akazunguka gari polepole. Akapiga picha mbele, nyuma, ubavu. Akaandika maili. Akafungua mlango, akaangalia vitambaa, akaangalia Biblia, akaangalia kile kitabu kilichofunguliwa. Halafu akaingiza kichwa chote ndani akavuta pumzi.

"Mwalimu, gari yako inanukia vizuri."

"Asante."

"Manukato ya juu."

"Ni ya mke wangu. Hupanda sana hii gari." (Hapandi. Anasema inamtapisha.)

Akavuta pumzi tena. "Lakini chini ya manukato kuna beberu."

Kavata akaacha kuandika.

"Baba yangu ameuza mbuzi maisha yake yote," akasema Abdi, bila ubaya wowote, kama daktari anayekuambia una malaria. "Jike halinuki hivi. Hili ni beberu. Kubwa. Na si zamani sana."

"Aaah, huyo!" nikasema. "Huyo alikuwa wa jirani. Alikuwa mgonjwa. Nilimpeleka kwa daktari wa mifugo."

"Alipona?"

"Alipona kabisa." Sijui kwa nini niliongeza, lakini niliongeza: "Tuliomba."

Kavata akainamia karatasi zake. Nikaona mabega yanatikisika kidogo. Nikajiambia ni baridi. Tawa, saa nane mchana.

Lakini bado ningepona! Abdi alikuwa ameanza kufunga begi. Kavata alikuwa amenipa kalamu nitie sahihi mahali palipoandikwa kwamba gari haibebi mizigo ya biashara wala abiria wa kulipa. Kalamu ilikuwa imegusa karatasi. Nimeandika M.

"MUSYOKA!"

Sauti ilitoka upande wa wauza kuku. Sikugeuka. Niliijua hiyo sauti vile mtu anavyojua sauti ya mvua kwa mabati ya nyumba yake. Nikaandika U, haraka.

"Musyoka wee! Tumekungoja njia panda tangu saa mbili asubuhi! Simu umezima! Tumekuja na pikipiki wanne na jogoo, karibu tuanguke!"

Mama alikuwa anakuja moja kwa moja, gunia la mahindi mgongoni na jogoo chini ya kwapa, na nyuma yake wenzake watatu. Hakusalimia mtu. Akafika nyuma ya gari. Sasa buti ya gari yangu ina ugonjwa wake. Haifunguki mpaka uipige nyonga mara mbili upande wa kushoto, halafu uinue ukivuta kulia. Ni siri ya gari. Hata fundi ilimsumbua kuijua. Huyo mama akaipiga nyonga mara mbili bila hata kuangalia, akainua, akavuta kulia, akatupa gunia ndani. Juu ya vitambaa vya kochi.

Abdi akaniangalia. Akaangalia buti. Akafungua begi tena.

"Mwalimu," akauliza kwa upole, "huyu mama ni nani?"

Ndugu zangu, hapa ndipo nilipotea. Ningesema ukweli mambo yangeisha vizuri. Lakini kalamu ilikuwa mkononi, nimebakisha herufi tano, na akili yangu ikakimbia ikaniacha nimesimama peke yangu. Nikasema, kwa sauti niliyodhani ni ndogo:

"Simjui vizuri. Ni mtu tu wa soko."

Soko likanyamaza. Naapa hata mashine ya posho ilizima. (Niliambiwa baadaye stima ilipotea. Lakini wakati huo!)

Mama akageuka polepole. Akamkabidhi mwenzake jogoo. Akajifunga leso vizuri.

"Mtu wa soko?"

Niwaambie sasa huyo mama ni nani. Huyo ni Mama Mutheu. Ndiye alimzaa Mutheu wangu. Ni mama mkwe wangu, na kwetu mama mkwe unamheshimu mpaka njia anayopitia.

"Mtu wa soko?" akarudia. "Ulipokuja kwangu na wazee, umevaa koti la kuazima, nilikuwa mtu wa soko? Uji niliokupikia ulipougua tumbo kwangu, ulikunywa kwa mtu wa soko?"

"Mwaitu," nikasema. Mwaitu ni mama, kwa heshima. "Mwaitu, nisamehe, nilikuwa namaanisha..."

"Na shukrani yako hii hapa!" Akaingiza mkono kifuani, akatoa noti iliyokunjwa mara nne, akaibandika kwa kiganja changu, juu ya kalamu. "Nalipa mapema leo, usije ukaniambia imepanda kama wiki iliyopita!"

Watu wakasema "Eeeh!" kwa pamoja kama kwaya.

"Unamlipisha mama mkwe?" Hii ilikuwa sauti ya Kavata. Yule mpole. Alikuwa ameondoa miwani.

"Nusu," nikasema. "Yeye hulipa nusu."

Sijui nilidhani hiyo itasaidia.

Mzee mmoja muuza kamba akasema, "Ata kama ni robo!" Hapo soko lilipasuka. Watu walicheka mpaka wengine wakashika nguzo za vibanda. Mwanamke mmoja alikuwa analia machozi akisema, "Na ni shemasi! Na ni shemasi!" Nilitamani niingie kwa ile buti nijifungie, lakini ilikuwa na mahindi.

Aliyeniokoa ni Kavata. Akachukua karatasi yake, akaikunja na ile "MU" yangu, akasema, "Mwalimu, twende tukae mahali tunywe chai. Mama, njoo na wewe."

Tukaingia hoteli ya karibu, watu wanne meza moja, mimi nimekaa kama mtuhumiwa. Jogoo alikuja pia. Chai ikaletwa. Kavata akakoroga sukari bila haraka, akaanza kuongea na mimi vile mimi huongea na mtoto wa darasa la nne.

"Mwalimu, hata hii bima uliyo nayo sasa haiwalindi hawa mama. Ni ya kubeba mizigo yako mwenyewe. Watu wa kulipa hawamo. Sasa ulitaka nikuandikie ya nyumbani, inayosema wazi kwamba hakuna nauli. Tuseme jioni hii, ile kona ya mteremko, gari inabingirika. Kampuni inakuja, inauliza hawa ni akina nani, wao wanasema ni wateja. Unajua kampuni inafanya nini?"

"Inakataa kulipa," nikasema.

"Inakataa. Na huyu mama yako amelazwa, mguu umevunjika. Hospitali inamtafuta nani?"

Nilimwangalia Mama Mutheu. Alikuwa amemshika jogoo magotini, anamlisha makombo ya chapati, na vidole vyake ni vile vyembamba, vina mikwaruzo ya mbaazi. Kila wiki ameketi kando yangu kiti cha mbele akiniambia habari za mvua, na mimi namngoja ashuke nimwambie kiwango. Kile kicheko cha soko hakikuniuma. Hii iliniuma. Nikatoa ile noti mfukoni nikaiweka mbele yake.

"Mwaitu, nimekosa. Kukukana, na hii pia."

Akaiangalia. Akaichukua haraka sana. (Msamaha ulikuja baadaye kidogo.)

"Sasa," akasema Kavata, "kupunguza bima si vibaya. Ni vizuri kila mtu asome karatasi zake. Lakini punguza kwa ukweli. Leta hizo karatasi." Akazitandaza mezani. "Hapa umelipia redio ya bei."

"Redio gani?" akauliza Mama Mutheu. "Iliibiwa pale kanisani zamani. Pale mahali pake mimi huweka miwani."

Kavata akapiga mstari. "Redio imetoka. Dereva wa pili, jina Kyalo?"

"Huyo ni mdogo wake. Alienda Mombasa, hajagusa hiyo gari tangu arudishe bila bampa."

Mstari mwingine.

"Halafu hii thamani ya gari," akasema Kavata, "ni ile ya siku ulipoinunua. Kila mwaka unalipia gari mpya, na ikiharibika kabisa kampuni itakulipa bei ya gari nzee. Bwana Abdi?"

Abdi akaangalia picha zake. Alitafuta maneno ya heshima, nilimwona akiyatafuta. "Imeshuka," akasema.

"Imeshuka wapi, imeanguka!" Mama Mutheu akasema. "Mvua ikinyesha mimi hushika mwavuli nikiwa ndani. Honi hailii, yeye hutoa kichwa dirishani anapiga makelele. Mlango wangu umefungwa na waya. Andika hiyo, kijana. Andika waya."

Abdi akaandika waya.

Kwa nusu saa mama mkwe wangu aliivua gari yangu nguo mbele ya watu. Kila alipotaja ubovu mmoja, bima ilishuka na mimi nilishuka nayo. Mwisho Kavata akanionyesha hesabu. Nikaipitia mara mbili, si mnajua kazi yangu. Nikiacha kuchukua nauli kabisa, niwe gari ya nyumbani kwa ukweli, na thamani iwe ya kweli, nitalipa kidogo kuliko hata nilivyopanga nikidanganya.

"Na nikiwabeba bure?" nikauliza.

"Bure ni wageni wako. Wanalindwa. Mradi viti vitoshe, si kubebana."

Nikatia sahihi. Herufi zote. Kalamu ilikuwa nyepesi, na kwa mara ya kwanza leo nikapumua. Nikaagiza chapati nyingine. Nikasema moyoni, Musyoka, umeaibika lakini umetoka na faida.

Sikuwa nimeona kwamba Mama Mutheu hayuko tena kwenye meza.

Alikuwa amesimama mlangoni mwa hoteli, mikono kiunoni, anaangalia soko lote. Mama huyo huimba sauti ya kwanza kanisani. Hahitaji maikrofoni.

"Sikieni! Gari ya mwalimu, kuanzia leo ni BURE! Bima imekataa pesa!"

Nilipowasha simu, Mutheu alipiga kabla sijafika garini. Habari ilikuwa imefika nyumbani, pamoja na ile ya nusu nauli. Aliongea kwa utulivu sana, maneno machache, na mojawapo lilikuwa "kochi". Sijui kama alimaanisha vitambaa ama mahali pa kulala.

Ni saa kumi na moja jioni sasa. Naandika haya nikiwa kwa usukani, nimeegeshwa nje ya mashine ya posho, maana stima imerudi na wenye gari wanasagiwa mahindi yao kwanza. Ndiyo, wenye gari. Mama Mutheu amekaa mbele na jogoo wake. Nyuma kuna watatu wenye viti, na nje kuna foleni ya wanaongoja safari ya pili, ya tatu, na mzee muuza kamba anayesema yeye hana haraka. Nimewaeleza habari ya mafuta. Wameniambia wataniombea.

Tafadhali, mtu asicheke. Na usinitumie ujumbe wa siri kuuliza kama kesho kuna nafasi. Uliza mama mkwe, yeye ndiye ana orodha.